Mwishoni mwa Kiangazi, Twendeni Mlimani



Mwezi wa Septemba Morogoro huwa imekauka. Vumbi limetanda hadi kwenye majani ya miembe, watoto wa darasa la saba wamemaliza mtihani na wanazurura, nasi akina mama tunangoja mvua za vuli huku tukinung'unikia joto. Lakini ukiinua macho unaona Uluguru imesimama pale pale, imejifunika wingu lake asubuhi kama mwanamke na khanga. Wangapi kati yetu tuliozaliwa mjini hapa tumewahi kuipanda? Katika kikundi chetu cha kanisani, tulipohesabu mwaka jana, walikuwa watatu tu.

Tukapanga twende Morningside, tuchukue na watoto. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mumewe miezi minane kabla, naye alijiandikisha pamoja na binti yake aliyekuwa ametoka kumaliza darasa la saba. Baadhi yetu tulisema haifai, mjane kwenda kucheka kwenye maporomoko ya maji watu watasemaje. Tuliyasema hayo jikoni tukimenya viazi, naye akiwa uani anasikia. Hatuna budi kukiri hivyo, kwa sababu hata sisi wauguzi, tunaowaambia wagonjwa kila siku wapumzike, tulikuwa miongoni mwa wasemaji. Hakujibu neno. Siku ya safari alikuwa wa kwanza kufika, amebeba kikapu cha mihogo ya kuchemsha.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa barabara ya Boma, tukapita Rock Garden ambapo mto unateremka juu ya mawe makubwa. Wenye watoto wadogo sana wanaweza kuishia hapo, na siku yao ikawa nzuri. Sisi tuliendelea kupanda. Njiani tulipishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na mizigo ya mboga na ndizi vichwani kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu, wanatembea upesi huku sisi tunahema na mikoba mitupu! Mmoja alitupa pole, tukacheka wote.

Mtoto mmoja alishika upupu. Kiangazi kikiisha maganda yake yamekauka na manyoya hupeperuka ovyo, basi waonyesheni watoto mmea huo kabla hawajaanza kukimbia. Tulimvua shati, tukamzuia asijikune, na baada ya kilio kirefu akatulia.

Kwa mwendo wa watoto tulitumia kama saa tatu kufika Morningside, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Hapo kuna upepo wa baridi hata mwezi huo, kwa hiyo beba sweta. Juu yake ni msitu na kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano. Huko ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na anayetaka kuingia ahitaji kibali na mtu wa kumwongoza. Wako ndege katika misitu hii ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Tulitandika khanga, tukasoma Zaburi ya 121, tukala. Mji wote ulikuwa chini yetu, mabati yanang'aa. Mwenzetu akauliza, "Kola ni upande gani?" Kola ndiko kwenye makaburi, ndiko alikozikwa mumewe. Tulinyamaza. Binti yake, ambaye tangu msiba alikuwa mtoto wa kujibu ndiyo na hapana tu, akasimama akanyoosha mkono. "Kule, mama. Nyuma ya vile vilima. Baba alisema atanileta huku nikimaliza shule." Mama yake hakuwa na habari ya ahadi hiyo. Wakakaa wawili pembeni, wakaongea muda mrefu, na mara moja tukasikia mama anacheka. Aliyekuwa amesema maneno makali kuliko wote jikoni ndiye aliyewapelekea chai.

Kutoka hapo tulionyesha watoto vijito. Maji haya ndiyo yanayoingia mto Morogoro, na upande mwingine wa milima ndiko unakotoka mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Upande wa pili wa bonde moto ulikuwa unapanda, mtu anasafisha shamba. Watoto waliuliza maji yatatoka wapi msitu ukiungua, wala hatukuwa na la kuwaambia ila kwamba swali ni la kweli.

Kwa wasioweza kupanda, yapo mengine. Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane, watoto waone ng'ombe na mbegu. Mikumi, hifadhi tangu mwaka 1964, wanyama kipindi hiki hukusanyika penye maji, na hata abiria wa basi la Iringa huwaona tembo bila kushuka. Bwawa la Mindu ni zuri kwa macho, ila msiwaache watoto waogelee: maji yaliyotuama hukaa konokono wa kichocho. Wageni wa Dar es Salaam wanaweza kuja kwa treni ya umeme, inayofika Morogoro tangu Juni 2024.

Beba maji yaliyochemshwa, viatu vya kushika ardhi, na dawa ya presha kwa anayeitumia. Asiiache nyumbani eti ni siku moja. Anzeni kushuka kabla ya saa tisa, magoti huchoka zaidi wakati wa kushuka.

Sisi tulichelewa. Giza lilitukuta Boma, binti yule akiwa mbele na tochi, mama yake nyuma yake na kikapu kilichokuwa na mihogo, sasa kimejaa magimbi aliyonunua njiani.