Ondoa la Zamani Kwanza

Kijana wa ofisini kwetu ameweka toleo jipya la lugha ya programu ya Go kwenye seva, akauliza toleo, mashine ikamtajia la zamani. Akaweka tena, jibu likawa lile lile. Nikamwonyesha: la zamani lilikaa /usr/bin, jipya /usr/local/go/bin, na PATH yake ilianza kutafuta /usr/bin. "Kwani mzee, jipya halifuti la zamani?" akaniuliza.

Aliyetufunza sisi kuondoa la zamani kwanza alikuwa mzee mmoja wa chumba cha seva, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya tisini. Chumba kilinuka vumbi lililopashwa joto na monita zile nene za kioo, na kiyoyozi kilinguruma kutwa. Mezani pake hapakukosa kaunta buku. Kabla ya make install aliorodhesha kila faili iliyomo /usr/local. Akimaliza anaorodhesha upya, analinganisha kwa diff, kisha ananakili ziada kwa mkono: hii imeingia bin, hii lib, hii man. Toleo jipya likija, anafungua ukurasa ule ule na kufuta faili moja moja, kila moja akiitia tiki kwa kalamu nyekundu. Programu nyingi hazikuja na njia ya kujiondoa, na maktaba ya zamani ikisalia lib, programu mpya huweza kuidaka hiyo ikaanguka. Mwisho aliandika hash -r, kwa sababu bash hukumbuka ilikoikuta amri na kurudi huko huko. Tulisimama nyuma ya kiti chake tukisoma naye majina ya faili, wala hakuna aliyechoka.

Kisha zikaja zana za kuweka na kuondoa programu: APT iliingia rasmi na Debian 2.1, Machi 1999. Kwetu ilifika baadaye, lini hasa si kitu. Orodha ikawa kazi ya mashine, jambo jema. Zikafuata pip, npm, kontena.

Kinachoniudhi ni mtu kunakili mstari wa curl, akaupeleka kwa sudo bash bila kujua umeacha nini na wapi. Mpaka leo maelekezo ya Go yenyewe yanaagiza kufuta /usr/local/go kabla ya kufungua kifurushi kipya, na bado watu wanauruka mstari huo. Aliyekabidhiwa seva inayobeba kazi za watu lazima ajue kilichomo, kiliingiaje na kitatokaje. Vijana, anzeni na type -a, muone amri iko wapi na wapi, kabla hamjaweka chochote.