Barua Kutoka Omaha: Padri Flanagan na Watoto wa Watu

Ndugu zangu wapenzi wa Unguja,

Nimeazimia safari hii kukuandikieni habari za Padri Edward Flanagan, Mkatoliki wa Ireland aliyehamia huku Nebraska, ambaye mimi, Muislamu wa pwani, simwoni kuwa mbali nami, kwani mlango aliowafungulia watoto wa watu haukuuliza dini ya mtu.

Alizaliwa mwaka 1886 karibu na Ballymoe, katika kaunti ya Galway, akavuka bahari mwaka 1904, na baada ya masomo yaliyokatizwa na maradhi ya kifua akapewa upadri huko Innsbruck, Austria, mwaka 1912. Alipokuwa Omaha aliwafungulia vibarua wasio na kazi nyumba ya kulala, akaketi nao, akasikiliza visa vyao, na kila alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kutambua kwamba wengi wa watu wazima wale walikwisha haribikiwa tangu utotoni, kwa kukosa wazazi au kwa kukosa mtu wa kuwajali. Basi akakata shauri kuanza na watoto. Mwezi wa Desemba 1917 alikopa dola 90, akalipa kodi ya nyumba, akawapokea wavulana watano, baadhi yao wakitoka mikononi mwa mahakama.

Mwaka 1921 walihamia shambani, nje ya Omaha, na shamba lile likaja kuwa mji kamili, Boys Town, wenye skuli, posta, na meya aliyechaguliwa na wavulana wenyewe, wala halikuzungushiwa ua wa kuwazuia wasitoroke. Weupe na weusi, Wakatoliki, Waprotestanti na Mayahudi walikaa pamoja, zama ambazo ada ya nchi hii ilikuwa kuwatenga watu kwa rangi zao. Na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipowatia kambini Wamarekani wa asili ya Kijapani, yeye aliwadhamini baadhi yao, akawapa kazi na maskani. Filamu ya mwaka 1938 juu ya mji huo, ambayo ndani yake Spencer Tracy alipata tuzo kwa kuigiza nafsi ya padri huyu, ilimtangaza duniani kote.

Lakini lililonikaa moyoni mimi mkaa ghaibu ni ziara yake ya Ireland mwaka 1946. Alipokewa kwa taadhima, kama mwana aliyeifanyia nchi yake fahari ugenini, na lau angetaka angaliweza kula karamu, akapokea sifa, akaondoka salama. Hakufanya hivyo. Alisema hadharani kwamba magereza ya vijana na skuli za kuwatia watoto adabu, ambazo nyingi katika hizo ziliendeshwa na mashirika ya kitawa ya dini yake mwenyewe, zilikuwa fedheha kwa taifa, akayalaani mapigo ya mjeledi, na huko Cork akawaambia waliokuja kumsikiliza kuwa wao ndio walioridhia watoto wapelekwe humo, na wao ndio wawezao kulikomesha jambo hilo. Waziri wa Sheria, Gerald Boland, alijibu Bungeni kuwa hatayatia maanani maneno yaliyotiwa chumvi kiasi kile. Sisi tulio nje hurudi kwetu na zawadi na maneno matamu, nasi huitwa waungwana kwa hayo. Yeye aliirudishia nchi yake kweli iliyokuwa haitaki, na mimi nahesabu hisani hiyo kuwa kubwa kuliko ile ya dola.

Baada ya vita serikali ya Marekani ilimtuma Japani na Korea kutazama hali ya mayatima, kisha Austria na Ujerumani, na huko Berlin moyo wake ukasimama tarehe 15 Mei 1948. Akaletwa kuzikwa katika kanisa la Boys Town. Mwaka 2009 tume ya Ireland ilitoa ripoti ndefu iliyothibitisha kuwa mapigo na dhulma nyingine vilikuwa ni mwenendo wa kawaida katika skuli zile alizozilaumu kwa miaka mingi.

Barua hii naomba asomewe ami yetu, mwalimu wa chuo, ambaye namheshimu kama baba, pamoja na walimu wenzake wote ambao bado bakora haijawatoka mkononi. Nisalimieni wakubwa kwa wadogo.

Wassalamu,
Ndugu yenu wa Omaha