Vidole Viwili vya Turubai

Kiti cha kukunja, kile chenye miguu inayokatana kama mkasi, hakihitaji mbao wala chuma ili kiinuke. Fupisha turubai tu: miguu haitatanuka sana, nawe utakaa juu zaidi. Usizidishe lakini, kitapinduka.

Baba alikuwa ameacha kwenda mnadani Kajiado kuuza mbuzi. Goti linamruhusu kutembea; kusimama asubuhi nzima ndiyo shida, na kuomba watu kiti hataki. Kigoda alichoachiwa na babu, cha miguu mitatu, hakiyumbi hata kwenye mawe, ila ni kifupi: lazima ashikwe mkono kuinuka. Hilo mbele ya wenzake? Afadhali abaki nyumbani.

Basi nikanunua cha kukunja, tukakipeleka kwa fundi viatu hapa Kitengela. Akakunja turubai vidole viwili kila upande, akashona mara mbili. Chini ya miguu tukafunga kwa waya vipande vya tairi, ile ile ya akala, maana bomba jembamba huzama kwenye huu udongo wetu mweusi mvua ikinyesha. Mkanda wa begi kuukuu ukawa wa kubebea begani, mkono ubaki na fimbo.

Mzee alikaa, akainuka peke yake, akakaa tena. Halafu akamwambia fundi amshonee na mfuko wa simu ubavuni.