Furu ya nyuma ya nyumba

Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Nyakarenzo, kati ya jikoni na migomba, kuna tanuru la matofali. Sisi watu wa Kivu tunaliita furu. Pembeni yake kuna mahali pa kuchomea nyama: kuta mbili fupi na nondo juu yake. Ukipita utasema ni kitu kidogo tu. Lakini kilituchukua miezi mitatu, na mara ya kwanza kilitushinda.

Mimi nashughulika na vijana. Wanakuja watoto wa majirani Wanyarwanda, na pia wakimbizi wanaopata ruhusa ya kutoka kituo cha Nyarushishi. Siku moja binti mmoja akatuonyesha video ya pizza kwenye simu, akauliza: "Hii kitu inapikwa ndani ya nini?" Nikasema, ndani ya furu ya matofali. Na matofali hayakosekani hapa. Ndivyo maneno yalivyoanza.

Mama mwenye nyumba alikubali, kwa sharti moja: moshi usiingie kwenye nguo alizoanika. Kijana mmoja tu alikataa. Alikuwa na miaka 17, alivuka mpaka wa Bugarama akitoka Kamanyola, yeye na mdogo wake. Alisema: "Mi sijengi kitu sitaweza kubeba." Akaenda kukaa chini ya mgomba. Sikumlazimisha. Kusema kweli, sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe niko hapa mwaka wa sita, na begi langu bado liko chini ya kitanda, limefungwa.

Tulijenga haraka. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa kiko huko Bugarama, wilaya hii hii ya Rusizi, kwa hiyo kwetu mtu akisema kujenga, anafikiria sima. Tukachanganya sima na mchanga, tukapandisha kuba, na siku ya nne nikawasha kuni za mikaratusi, nyingi, juu ya haraka ya kuona mkate.

Nusu saa haikuisha tukasikia: paa! Halafu tena: paa!

Watoto wa Nyarushishi wote walikuwa chini, tumbo kwenye udongo, mikono juu ya kichwa. Watoto wa majirani wakaanza kucheka, kisha wakanyamaza, kwani waliona mama mwenye nyumba naye amejikunja nyuma ya mlango wa jikoni. Mtu mzima wa karibu miaka 50.

Jioni, watoto walipokwisha kurudi, alinieleza akichambua maharage, bila kuniangalia. Mwaka 1994 alikuwa msichana. Yeye na wengine walitolewa kwenye uwanja wa Kamarampaka, wakapelekwa Nyarushishi. "Ile Nyarushishi yenu, mwanangu," alisema, "mimi nililala pale kabla yenu." Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza.

Nilijua furu imekwisha. Mara nyingine walipokuja nilikuwa nimeshika nyundo, nataka kubomoa. Yule kijana akasogea, akapitisha kidole kwenye ufa. "Ni sima," akasema. "Sima haipendi moto. Na maji yalikuwa bado ndani. Maji yakikosa njia, yanapasua." Baba yake alikuwa anachoma matofali kule Kamanyola. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimtaja baba yake.

Kuanzia pale yeye akawa fundi, mimi nikawa wa kuchota maji. Udongo wa mfinyanzi tuliutoa bondeni: ndoo moja ya udongo kwa ndoo tatu za mchanga, tukakanyaga kwa miguu mpaka vikashikana. Akafunga mafundo kwenye kamba: sentimita 40 urefu wa kuba kwa ndani, sentimita 25 urefu wa mlango. Mlango ukizidi, joto linatoroka. Ukipungua, moto unakosa hewa. Tukarundika mchanga mbichi kama kichuguu, tukaufunika kwa magazeti yaliyolowa, tukajenga juu yake, halafu tukautoa mchanga kwa mikono kupitia mlangoni.

Baadaye ikaja kazi ngumu: kungoja. Wiki mbili bila moto kabisa. Kisha moto mdogo mdogo, siku saba. Siku ya kwanza nyasi za kujaa kiganja. Siku ya pili vijiti. Ilikuwa likizo, kwa hiyo walikuja kila mchana. Tulikaa tukiizunguka, tukisikiliza, na kila mtu alijua anasikiliza nini. Mama naye alileta kiti chake. Siku ya saba moto ulikuwa mkubwa kweli, na mdogo wa yule kijana alikuwa amelala usingizi, mgongo kwenye mawe ya msingi.

Pizza yetu ilikuwa unga wa ngano, nyanya, kitunguu na sambaza za ziwa Kivu. Jibini hatukuweza kununua. Iliiva dakika chache tu. Mama akaonja, akasema: "Kumbe ni mkate uliovaa nguo." Akaomba kipande kingine.

Mgeni mmoja wa shirika alikuja kutazama. Aliuliza wanufaika ni wangapi, na uendelevu ni upi. Maswali ya kazi, simlaumu. Nikampa idadi. Sikuona kwenye fomu mahali pa kuandika ule usingizi wa mtoto.

Majina yao yalitoka kwenye orodha ya kwenda Mahama. Kijana alikuja kuaga, akazunguka furu mara moja, akaomba kitu kimoja: ile kamba yenye mafundo. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Mvua ikinyesha sana, kuba linafanya nyufa. Tunaziba kwa udongo, tunaendelea. Ukifika Nyakarenzo siku ya Jumamosi, karibu. Lakini kuja na kuni zako.