KUTEMBEA KWA MIGUU SI ALAMA YA UMASKINI

Naandika kutoka Rughenda, huku Butembo, upande wa uwanja mdogo wa ndege. Leo sitaki tuongee juu ya bei ya dhahabu wala juu ya pesa ya masomo ya watoto. Nataka tuongee juu ya miguu yetu. Utacheka, maana sisi watu wa milima tunasema kwamba kutembea tunakujua tangu tumboni mwa mama. Lakini ngoja kwanza. Jiulize: jana ulitembea dakika ngapi? Si kusimama mlangoni na kusalimia wapita njia. Kutembea.

Mimi ni mama wa miaka 54. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu katika depo moja mjini. Asubuhi pikipiki ilikuwa inanichukua mbele ya nyumba na kunishusha mbele ya mlango wa depo. Mchana kutwa niko kwenye kiti, kalamu mkononi. Jioni pikipiki tena mpaka nyumbani. Siku moja mwanangu alinipa simu yake yenye kuhesabu hatua, akasema: «Mama, tembea nayo mfukoni mpaka jioni.» Jioni tukaangalia: hatua 2,100 tu, na ndani yake mulikuwa jikoni, kisima, na kila kitu.

Mwaka ule ule munganga alinipima tansio, akakuta 16 kwa 10. Na kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara aliyeketi nyuma ya meza ya butike miaka zaidi ya 20, alikuwa amekwisha kupooza upande wa kuume. Alikuwa mtu wa sauti kubwa. Sasa maneno yanamtoka nusu-nusu, na bibi yake ndiye anamkatia nyama kwenye sahani. Kwa hiyo sikuchukua ile 16 kwa 10 kuwa mchezo.

WAZEE WETU WALITEMBEA BILA KUHESABU

Zamani, mbele ya motokari kufika, watu wa milima yetu walishuka kwa miguu mpaka upande wa ziwa Edouard kutafuta chumvi ya Katwe, ile ambayo leo iko Uganda. Walikwenda na maharagi, walirudi na chumvi kichwani. Baadaye Butembo penyewe palianza kukua miaka ya 1920 karibu na kambi ya kampuni ya madini, MGL. Wafanyakazi walikwenda kazini kwa miguu, walirudi kwa miguu, na siku ya yenga walitembelea ndugu zao kwa miguu. Hakuna mtu aliyewaambia «fanyeni mazoezi». Njia yenyewe ilikuwa mazoezi.

Nini ilibadilisha mambo? Ni mambo mawili.

La kwanza ni pikipiki. Imetusaidia sana, siwezi kuisema vibaya. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika lopitali usiku. Lakini sasa tunapanda pikipiki hata kwa kununua sabuni kwenye barabara ya chini.

La pili ni vita. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 upande wa Beni, watu wengi waliacha mashamba yao na kukimbilia mjini. Mtu aliyezoea kutembea saa mbili kwenda shambani na saa mbili kurudi, leo anaketi mbele ya nyumba ya kupanga, akingojea habari. Amepoteza shamba, na mwili wake nao umepoteza kazi. Huyu hakuchagua kuketi. Kama iko ndugu wa namna hii katika kartie yako, usimwambie kwamba ni mvivu. Mwite, mtembee pamoja mpaka sokoni.

KITI KINAFANYA NINI MWILINI?

Miaka ya nyuma, munganga mmoja wa Uingereza, jina lake Jeremy Morris, aliangalia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale yenye orofa mbili. Katika kila basi mulikuwa watu wawili: dereva anayeketi siku nzima, na mkata tiketi anayepanda na kushuka ngazi kutwa. Wote walikuwa watu wa mji mmoja na kampuni moja. Mwaka 1953 Morris alitangaza alichoona: madereva walishikwa na ugonjwa wa moyo kupita wakata tiketi, na mkata tiketi aliposhikwa, mara nyingi haukuwa mkali sana.

Msomaji wangu wa machimboni, fikiri kidogo. Kwenu pia wako watu wa namna mbili. Yule anayechimba, anayebeba mifuko na kuosha mchanga, mwili wake unachoka; yeye anahitaji kupumzika na kula vizuri. Lakini yule mwenye mzani anayenunua dhahabu, mlinzi wa mlango, dereva wa mashine, mama mwenye kibanda cha vocha za simu, karani wa koperative, hao ni ndugu za dereva wa basi. Wako machimboni, lakini kazi yao ni ya kiti.

Inakuwa namna gani? Ni rahisi kuelewa. Misuli ya nyuma ya mguu ni kama pompi: ukitembea inasukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ukiketi, pompi inalala, na jioni unaona miguu imevimba. Tena misuli ndiyo inakula sukari inayotoka katika bugali uliyokula. Ukitembea kidogo baada ya kula, sukari katika damu haipandi sana. Na mtu anayezoea kutembea, mishipa yake inalegea, tansio inashuka kidogo.

HATUA NGAPI ZINATOSHA?

Watu wengi wamesikia habari ya hatua 10,000, na wanakata tamaa mbele ya kuanza. Ujue kwamba ile hesabu ilienea kwa njia ya biashara. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni moja ya Japani iliuza kipimo kidogo cha kufunga kiunoni, jina lake manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia kitu.

Wataalamu wa leo wamehesabu vizuri zaidi. Mwaka 2025 gazeti la The Lancet Public Health lilitangaza kazi iliyokusanya uchunguzi mwingi wa inchi mbalimbali: wenye kufikisha hatua karibu 7,000 kwa siku, hatari yao ya kufa katika miaka ile ilikuwa karibu nusu ya ile ya wenye kutembea hatua 2,000. Ni kweli kwamba mgonjwa anatembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, kwa hiyo tusifanye hesabu hiyo kuwa uchawi. Lakini njia inaonekana wazi: kutoka 2,000 kwenda 4,000 ni faida kubwa tayari.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), katika mashauri yake ya mwaka 2020, linaomba mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kadiri. Tena linasema vipande vidogo-vidogo vyote vinahesabiwa. Si lazima upate saa nzima mara moja.

Simu yako haihesabu hatua? Hakuna shida. Mtu mzima anayekwenda kwa mwendo wa kazi anapiga karibu hatua 100 kwa dakika moja. Dakika 10 ni hatua 1,000. Na kujua kama mwendo unatosha: unaweza kuongea na mwenzako, lakini huwezi kuimba.

NAMNA NINAVYOFANYA MIMI

Wakati wa mazoezi sina, na pengine wewe pia huna. Kwa hiyo niliingiza hatua ndani ya safari zilizokuwako tayari.

1. Asubuhi ninashuka kwa miguu dakika 15, ndipo ninapanda pikipiki kwa sehemu iliyobaki. Hatua 1,500.

2. Mchana, nikimaliza kula, sirudi kwenye kiti mara moja. Natembea dakika 10. Hatua 1,000. Mvua ikinyesha, naenda na kurudi ndani ya depo katikati ya mifuko ya mchele. Kwenda na kurudi ni hatua 40. Mara 25 ni hatua 1,000. Vijana wa kubeba mizigo walicheka juma la kwanza. Juma la tatu walianza kunihesabia.

3. Jioni ninashuka kutoka kwenye pikipiki mbali na nyumba, ninapanda mlima wetu polepole, dakika 25. Hatua 2,500.

4. Kila saa moja ninasimama. Kama nina neno kwa mwenzangu wa biro ya pili, sipigi simu, naenda mwenyewe.

Changanya na zile 2,100 za kwanza: inakuwa 7,100. Pesa ya pikipiki iliyobaki, kila siku ya posho inanunua sombe na samaki.

Baada ya miezi sita munganga alinipima tena: 14 kwa 9. Lakini sikia vizuri: vidonge sikuviacha hata siku moja, na chumvi nilipunguza. Mtu asije akatupa dawa zake akisema mama wa Rughenda alipona kwa miguu. Miguu inasaidia dawa, haichukui nafasi yake.

AIBU NDIYO MLIMA MKUBWA

Ulifikiri mlima wa Rughenda ndio unachosha? Hapana. Juma la kwanza kijana mmoja wa pikipiki, anayenijua, alisimama karibu yangu:

«Mama, panda! Ama biashara ilikufa?»

«Haikufa, mwanangu. Niko natembeza damu.»

«Eh, Mama! Watu watasema nini wakikuona na vumbi hivi?»

Hapo ndipo nilielewa ugonjwa wetu. Kwetu, anayetembea ni yule ambaye hana. Mwenye kazi nzuri lazima aonekane amepanda kitu. Mzee akifika kwenye kilio kwa miguu, watu wanaanza kunong'ona juu ya watoto wake: «Hawamsaidii?» Kwa hiyo watu wanaketi juu ya heshima mpaka heshima inawalaza kitandani. Kaka yangu angeweza kutembea kutoka butike mpaka nyumbani kila jioni. Aliogopa macho ya wateja. Leo wateja wale wale wanakuja kumtazama, na hakuna anayeuliza kama alikuja mjini kwa miguu ama kwa motokari.

Nilizoea kujibu kwa kicheko, na watu walichoka kuuliza. Sasa mama wawili wa kartie tunapanda pamoja jioni. Tukiwa watatu, hakuna anayesema biashara ilikufa. Wanasema: wale mama wana jambo lao.

ANGALIA HAYA

Wamama wanaobeba maji na kuni kila siku, na watu wa chukudu, hawahitaji mtu kuwaambia watembee. Wao wanahitaji mzigo upungue. Baba anayesoma hapa, kama unatafuta hatua zako, chukua bidoni moja ya maji. Utakuwa umepata mazoezi, na bibi yako atapata pumziko.

Usitembee usiku, wala peke yako mahali ambapo usalama haupo. Machimboni, usipite karibu na mashimo wakati giza linaingia au udongo umelowa. Katika mji wetu tembea upande unaoona pikipiki zinazokuja mbele yako. Vaa viatu vinavyofunga mguu. Kambambili zinateleza kwenye matope. Mwenye ugonjwa wa sukari aangalie nyayo zake kila jioni, kwani anaweza kuumia bila kusikia.

Kama kifua kinakubana, pumzi inakatika, ama kichwa kinazunguka, simama na uende kwa munganga. Na kama hujatembea miaka mingi, usianze na mlima. Anza na dakika 5 mahali pa tambarare, juma lijalo ziwe 8, kisha 10.

Ndugu msomaji, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kesho asubuhi, mbele ya kumwita kijana wa pikipiki, chagua mti mmoja ama nyumba moja iliyo mbali kidogo, umwambie akungojee pale. Akikuuliza kama biashara ilikufa, unalo jibu. Na jioni, mtafute mmoja wa nyumba yako ambaye haondoki kwenye kiti, mzee ama kijana, umwambie kwa heshima: simama, unisindikize mpaka kule.