Nakala Kumi na Moja

Mwaka 2020 niliandika fanksheni ya mistari minne katika lugha ya programu ya R, nikaiita soma_tarehe. Kazi yake ilikuwa kugeuza maandishi kama 03/07/2020 yawe tarehe. Nilinogewa nayo. Kila mradi mpya ulipokuja nilifungua faili la zamani, nikainakili, nikaibandika.

Januari 2021 mauzo yote ya mwezi yakaangukia Januari 2020. Kumbe niliandika %y badala ya %Y. Kwa R, y ndogo ni mwaka wa tarakimu mbili: ikikutana na 2021 inachukua ile 20 ya mwanzo, inaifanya 2020, na zilizobaki inazitupa wala hainung'uniki. Mwaka mzima kosa lilikaa pale likitoa jibu sahihi.

Nikarekebisha, nikajipongeza. Wiki mbili baadaye mwenzangu ofisini akaniita: "Kaka, ripoti hii nayo imerudi mwaka jana." Nikapekua folda moja baada ya nyingine. Nakala kumi na moja! Juu ya mojawapo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: usiguse, inafanya kazi.

Nikazikusanya zote kwenye faili moja, zana.R, na kila skripti ikaanza na source("zana.R"). Nilipumua, ila si kwa muda mrefu. Amri ya source humwaga kila kitu sebuleni: majina mawili yakigongana, aliyeingia mwisho humkalia wa kwanza kimyakimya. Nilikuwa na safisha mbili, moja ya majina ya mikoa, nyingine ya namba za simu. Fikiria Morogoro ikisafishwa kama namba ya simu. Ndipo nikatengeneza kifurushi kidogo changu, nikakiita zana: faili la DESCRIPTION, la NAMESPACE, na folda iitwayo R. Sasa naandika zana::soma_tarehe, na anayesoma anaona ilikotoka.

Nilijiona mtu mwenye mpangilio, hadi mama alipobadilisha laini ya simu. Namba mpya nilimpa kaka, nikahesabu kazi imekwisha. Dada yetu, mwenye namba ya zamani ya mama aliyoinakili kwenye kijitabu, alipiga mwezi mzima bila kumpata. Tulipokutana msibani hakumsogelea mama. Aliamini mama amemnunia.