Ukuta Bila Goli la Pili

Wasee, mimi ni beki tangu shule, kwa hivyo Agosti 2025 nilitamba sana hapa Ekerenyo. CHAN, makundini: Harambee Stars 1-0 DR Congo, 1-1 Angola, 1-0 Moroko tukiwa kumi, 1-0 Zambia. Mechi nne, tumefungwa moja tu! Nikaapa ulinzi ndio mpira, mengine ni kelele.

Cuzo wangu, mshambuliaji, aliniuliza tu: "Na la pili litakuja lini?" Nikamcheka.

Robo fainali tukatangulia, Madagaska wakasawazisha kwa penalti, kisha wakatutoa kwa matuta. Mechi tano, hakuna hata moja tulifunga mawili. Inaniuma kukubali: ukuta hukufikisha mlangoni, lakini kuingia ni magoli. Cuzo, umeshinda. Nyinyi mnasemaje?